Kusoma levo za msingi kwenye mchoro

Wageni wa saiti wanaposoma levo (kimo cha kitu juu au chini ya sifuri iliyowekwa) hawakosei sana kujumlisha na kutoa. Hukosea kwa kutojua sifuri ya mchoro iko wapi. Mchoro wa msanifu kwa kawaida huweka ±0.000 juu ya sakafu iliyokwisha vigae; wa injinia mara nyingine huiweka juu ya jamvi la zege, yaani sakafu ya zege kabla ya vigae. Kati ya hizo mbili huweza kuwa na milimita 50, na ukichanganya, jengo zima linapanda au kuzama kwa kiasi hicho. Soma yale maandishi madogo ya pembeni ambayo kila mtu huyaruka.

Tuseme yanasema ±0.000 ni sakafu iliyokwisha, sawa na 102.450 kwa levo za saiti. Mkato wa msingi wa ukuta unaonyesha juu ya zege la msingi ni −1.200, unene 250, na blaindi (tabaka jembamba la zege la kusawazisha chini ya mtaro) 50 chini yake; levo ni mita, unene ni milimita. Unashuka: −1.450 ni chini ya zege, −1.500 ni chini ya mtaro. Toa kwenye 102.450, unapata 100.950. Asiyehesabu blaindi huishia 101.000, halafu siku ya kumwaga anaiba unene wa zege ili juu yake ibaki palepale.

Kabla ya kumpa mchimbaji namba hiyo, ihakiki kwa tofali. Jamvi lina unene wa 150 na liko 50 chini ya vigae, kwa hiyo chini yake ni −0.200. Kutoka hapo hadi −1.200 ni mita moja kamili: kozi (mistari ya tofali) nne za tofali la kimo cha 230 na mota ya 20. Kozi zisipotimia, rudi kwenye mchoro, usilazimishe kwa mota nene.

Mashine ya levo sasa. Alama ya levo (sehemu ya saiti ambayo levo yake inajulikana) ni 101.900, stafu (rula ndefu inayosimamishwa) juu yake inasoma 1.365, basi mstari wa kuonea wa mashine uko 103.265. Chini ya mtaro stafu isome 2.315. Ikisoma zaidi, mmepitiliza; pajazwe zege la blaindi, si udongo uliochimbwa. Ikisoma pungufu, endeleeni, ila milimita 100 za mwisho ziachieni siku ya blaindi, maana mvua moja hulainisha chini yote.

Kina si levo. Kwenye kona ambayo ardhi iko 102.150 mtaro una kina cha 1.200, kwenye kona ya bondeni, ardhi 101.700, una 0.750 tu. Ukiamuru “mita moja na ishirini kote”, utapata mtaro unaofuata mteremko. Pale bondeni chini ya zege iko 0.700 kutoka ardhini, na kama mchoro unataka angalau 0.900, zinakosekana 200. Usishushe 200, kozi haitakaa. Shusha 250, kozi nzima: mtaro 100.700, stafu 2.565, kozi tano badala ya nne. Urefu wa zege la juu kulalia la chini penye ngazi, yaani pale msingi unaposhuka, husomwa kwenye mchoro. Kama haupo, muulize injinia kabla nondo hazijakatwa.

Na usipime mchoro kwa rula. Karatasi ikishatolewa kopi, skeli yake haiaminiki tena. Namba iliyoandikwa ndiyo inayofuatwa.