Nasoma Peponi, Lakini Swali Langu Ni Jingine

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Unasoma kitabu gani kwa sasa, kwa kujifurahisha tu, na ungempendekezea nani?" Nitalijibu, kwa kuwa nina kitabu mkononi na sina sababu ya kukificha. Ninasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha. Nakala yangu niliiagiza kutoka huko huko, ikaja kwa basi, kwa sababu hapa Mtwara maduka yanayoitwa ya vitabu huuza zaidi vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, na anayeulizia riwaya hutazamwa kama mtu aliyekosea mlango.

Hilo ndilo jibu la mlichouliza. Kilichonifanya nikae kuandika ni kwamba swali lenyewe, pamoja na majibu ya wasomaji mliyoyachapisha tayari, linachukulia kuwa kitabu cha raha ni mali ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani, akakichagua peke yake, akakimaliza peke yake, kisha akautangazia ulimwengu kwamba amekisoma. Mimi raha ya vitabu sikuipata hivyo, na watu wengi wa rika langu huku Kusini hawakuipata hivyo. Sisi tulisomewa. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wasiojua wakasikiliza, wakadakia, wakabisha, na mabishano hayo yalikuwa sehemu ya kitabu sawasawa na kurasa zake.

Wala si jambo la ajabu katika pwani hii. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipovisimulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, alivisimulia kwa utenzi, na utenzi ni kitu cha kughaniwa mbele ya watu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa huo huo wa Lindi, aliporudi kwenye vita vile vile mwaka 1969, aliandika tamthilia, Kinjeketile, ambayo haijakamilika mpaka iwe na jukwaa na watu wa kuitazama. Maandishi yetu yameishi midomoni mwa watu hata pale yalipokuwa yamekwisha kupigwa chapa.

Nilikulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, katika nyumba ya bibi mzaa mama. Msimu wa korosho ukiisha, zile zilizobakizwa kwa matumizi ya nyumbani zilibanguliwa uani, wanawake wa jirani wakisaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Anayeijua kazi hiyo hahitaji kuelezwa. Asiyeijua aelewe kwamba korosho huchomwa kwanza katika karai bovu lililotobolewa, mafuta ya maganda yakashika moto, moshi mweusi ukawasha macho, kisha zikamwagwa mchangani zipoe, ndipo kila mmoja akajipaka majivu viganjani na kuzigonga moja moja kwa kijiti juu ya jiwe ili punje itoke nzima. Mafuta yale yakigusa ngozi huibabua, na yakigusa karatasi hayatoki tena. Kwa hiyo mtoto aliyeshika kitabu hakuruhusiwa kugusa korosho, na kazi mbili hizo zikawa na watu wawili tofauti: mimi wa kusoma, wao wa kubangua.

Kitabu kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini Mtwara miaka hiyo ya 1980, alikuja nacho likizo na kukiacha. Nilikuwa darasa la tano. Siku ya kwanza nilisoma kwa sauti ya darasani, ile ya kukimbilia nukta, mpaka bibi akaniambia nisome kama ninayezungumza na watu, maana mbele yangu walikuwa watu. Tulipofika pale panapojulikana kwamba Adili, liwali mwema anayesifiwa na kila mtu, huwachapa manyani wawili kila usiku kwa amri ambayo moyo wake hauitaki, na kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, vijiti vilisimama juu ya mawe.

Kuanzia hapo sikusoma ukurasa mzima bila kukatizwa. Ndugu wale walimtosa mwenzao baharini kwa husuda, na wanawake wa uani kwetu walitaka kwanza kujua mjomba wao alikuwa wapi mambo yakiharibika hivyo. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na ugomvi wa ndugu hupelekwa kwa mjomba kabla haujafika mbali, kwa hiyo swali hilo kwao lilikuwa la lazima. Mimi sikuweza kumwonyesha mjomba popote katika kurasa nilizokwisha kuzisoma. Wakaamua kwamba hapo ndipo shida ilipoanzia, na mmoja wao akaeleza kwa urefu jinsi mjomba mwenye akili angeligawa lile fungu la urithi tangu mwanzo. Nimesoma baadaye maelezo ya watu wenye shahada kuhusu kitabu hicho, yenye manufaa kabisa, lakini sijakutana na lililonifungulia hadithi kama swali lile la wanawake wenye majivu mikononi.

Miongoni mwao alikuwamo jirani mmoja ambaye sisi watoto tulimwita mama mkubwa ingawa hatukuwa na udugu naye. Kila mtu pale alijua kwamba kaka yake alikuwa ameichukua mikorosho yote aliyoiacha mama yao, akamwachia yeye miti michache iliyozeeka upande wa bondeni. Jambo hilo halikusemwa mbele yake. Lakini jioni niliyofika kwenye toba ya wale ndugu na msamaha wa Adili, maneno yalianza kuzunguka. Mmoja akasema Adili amefanya utu. Mwingine akasema ndugu ni ndugu hata akikosa. Bibi yangu, ambaye sidhani kwamba alikusudia ubaya wowote, akaongeza kuwa anayeng'ang'ania kosa la nduguye hulala nalo yeye, si nduguye. Mama mkubwa akaweka kijiti chake chini. Akauliza, "Mnakisema kitabu, au mnanisema mimi?" Hakujibiwa. Akajipangusa majivu kwenye kanga, akachukua ungo wake, akaondoka.

Kesho yake hakuja. Siku iliyofuata alikuja jioni, kazi ikiwa imekwisha, akaniomba kwa bibi nikamsomee nyumbani kwake. Nikaenda na kitabu. Tulikaa sisi wawili tu chumbani, koroboi ikiwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na hakutaka nianze mwanzo. Alitaka pale ndugu walipomtosa mwenzao. Nikasoma. Akaniambia nirudie polepole, na niliporudia aliweka kidole chini ya mstari niliokuwa nikiusoma, akakisogeza pamoja na sauti yangu. Alikuwa amehudhuria kisomo. Ule mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyoufuata, wanawake wengi wa kijijini kwetu walikaa chini ya mti jioni na ubao mweusi mbele yao, na yeye alikuwa mmoja wao. Aliweza kuandika jina lake na kusoma bango la ghalani. Alipolifikia neno "ndugu" alilisoma mwenyewe, kwa silabi, kabla sijalitamka. Kisha akaniomba nimsomee msamaha. Nikausoma mara moja, akataka tena, nikausoma tena, akasema, "Basi, inatosha." Hakuniambia alichokipata humo, nami sikuuliza, kwa kuwa mtoto hakuwa na ruhusa ya kumwuliza mtu mzima jambo kama hilo. Kidole chake kiliacha alama ya mafuta ya korosho, ya rangi ya kahawia, pembeni ya mistari ile.

Nilipoanza kuandika barua hii niliikusudia habari hiyo iwe ushahidi wangu. Nilitaka kuwaambia wasomaji wenu kwamba kusoma pamoja ni bora, kwamba kitabu kinachosomwa kimya kimya ni nusu ya kitabu, na kwamba tumeipoteza raha kubwa kwa kujifungia kila mmoja na chake. Sasa nikiitazama ilivyokaa kwenye karatasi, naona inasema jambo lisilolingana na hilo. Mama mkubwa aliipenda hadithi ile akiwa uani pamoja na wengine, lakini ilipomgusa, alitaka kuwa nayo peke yake. Uani palikuwa na macho mengi mno. Lau kisomo kingalimfikisha hapo, angalikiazima kitabu usiku ule ule na kukisoma mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, wala asingalilazimika kumpa mtoto wa darasa la tano nafasi ya kuketi kati yake na kile alichokuwa akikitafuta. Vitabu vya kisomo ninavyovikumbuka vilifundisha kilimo bora, usafi na afya, mambo ya lazima kabisa ambayo sitaki yadharauliwe. Sikumbuki hata kimoja kilichomwambia mwanamke wa Newala kwamba herufi alizojifunza zinaweza pia kuwa zake, kwa shughuli zake mwenyewe ambazo serikali wala jirani hawana haja ya kuzijua.

Na hapo sina budi kueleza kwa nini ninasoma Peponi jinsi ninavyoisoma. Mimi ni karani katika ghala la korosho. Kabla minada haijaanza mwezi Oktoba huwa kuna utulivu, na nyumbani kwangu wapo watu ambao ningeweza kuwasomea, wanaopenda hadithi na wenye maneno. Sijawasomea. Riwaya hiyo inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayechukuliwa na tajiri ambaye amezoea kumwita mjomba, akaenda kuishi na kufanya kazi kwake, na kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Mimi sikuwekwa rehani na mtu yeyote, na wazazi wangu sitawasingizia. Lakini niliondoka Newala nikiwa na umri unaokaribia huo, nikapelekwa kuishi kwa watu mjini, nikalala jikoni kwao na kuchota maji yao kabla ya kwenda shule, na hadi leo sijaelezwa kwa nini nilichaguliwa mimi na si mwingine. Zipo kurasa za kitabu hicho ninazozirudia. Sitaki mtu, hata anayenipenda, adakie nikiwa katika kurasa hizo na kuniuliza mjomba alikuwa wapi.

Kwa hiyo uamuzi wangu umegeuka, ingawa si wote. Bado ninaamini kwamba mtoto ambaye hakuwahi kusomewa kwa sauti amekosa kitu, na kwamba Maktaba ya Mkoa hapa Mtwara, pamoja na ile ya Lindi, zingefanya jambo jema kama zingetenga jioni moja ya kuwasomea watu wazima, si wanafunzi wa mitihani tu. Bado ninaamini kwamba mabishano ya uani yaliniongezea akili kuliko maswali ya ufahamu ya shuleni. Lakini siwezi tena kusema kwamba anayesoma peke yake anajitenga kwa majivuno. Huenda yuko mahali ambapo wengine hawakupewa ufunguo wa kuingia, na ni haki yake kukaa humo kwa muda anaoutaka.

Mmeuliza pia ningempendekezea nani. Peponi ningempendekezea mtu mzima anayejua kusoma na mwenye chumba chenye mlango, na nisingemwuliza baadaye amekionaje mpaka aseme mwenyewe. Kwa watu waliokaa barazani na kazi ya mikono, wakiwa na msomaji mmoja mwenye sauti, ningependekeza Adili na Nduguze, ambacho tangu kilipotoka mwaka 1952 hakijachakaa kwa kazi hiyo, kwa sharti moja tu: msomaji ajue kwanza ni nani barazani hapo ana kesi na nduguye, na akifika kwenye ule msamaha, asome, kisha aendelee na ukurasa unaofuata kabla mtu hajapata nafasi ya kutoa nasaha.

Msomaji wenu,
Mtwara