Kabla hujang'oa yungiyungi, fuata kikonyo mpaka topeni

Niliwahi kung'oa mayungiyungi nusu ya bwawa la mjomba, upande wa Rutamba, Lindi. Tulikuwa tumesikia sana habari za magugu maji ya Ziwa Victoria, na tulipoona majani yanaelea na maua ya samawati, tukaingia na mapanga. Tulikosea, na bado naumia nikikumbuka.

Kuyatofautisha si kazi. Jani la yungiyungi ni la duara, limelala bapa juu ya maji, lina mpasuko mmoja kutoka ukingoni hadi pale kikonyo kinaposhikia. Kifuate kikonyo kwa mkono: kinashuka mpaka kwenye kiazi kilichojichimbia topeni. (Ruvuma, au popote penye mamba, usitie mkono, vuta kwa mti mrefu ukiwa nchi kavu.) Gugu maji huelea zima zima, mizizi inaning'inia kama manyoya meusi, na kikonyo kimevimba, ukikibonyeza ni sponji. Lilitoka Amerika Kusini. Yungiyungi la samawati ni la kwetu Afrika.

Maua nayo yanasema. La yungiyungi husimama peke yake, moyo wake njano, hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri, kwa hiyo ukienda saa kumi utakuta limefumba. Ya gugu maji hukaa mengi kwenye bua moja.

Kilichonifungua macho ni ndege mmoja wa rangi ya kahawia, paji la samawati, vidole virefu ajabu, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Kwa ndege huyu dume ndiye anayelalia mayai, kwa kawaida manne, kwenye majani hayo hayo yanayoelea. Akishtuka huwakumbatia makinda chini ya mbawa na kuondoka nao, vijiguu vikining'inia. Tulipong'oa, hakuonekana tena bwawani. Vifaranga vya perege navyo vilikosa kivuli cha kujificha, mdiria akawa anajiokotea tu.

Mayungiyungi yakizidi, usiyamalize. Fyeka njia ya kupitisha mtumbwi au wavu, acha pembezoni, na kabla ya kukata kagua kama kuna mayai: ni ya kahawia yanayong'aa, yamechorwa mistari myeusi. Sisi tulirudisha viazi sita, tukavikandamiza topeni kwa mawe, maji yakifika magotini. Jani la kwanza lilipanda likiwa limejikunja, jekundu kwa chini, na mjomba akakataza ng'ombe kunywea upande ule.