Italia kwa basi pamoja na watoto: maswali yenu

Ratiba yetu ina Roma hadi Venezia kwa siku moja, tukitembelea Firenze njiani. Inawezekana?

Kufika mtafika, kuona hamtaona. Roma hadi Firenze ni kama kilomita 275, Firenze hadi Venezia 260 hivi, na basi kubwa haliruhusiwi kuzidi kilomita 100 kwa saa hata kwenye barabara kuu. Halafu kuna sheria ya Umoja wa Ulaya: dereva akishaendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku haendeshi zaidi ya saa 9 (mara mbili kwa wiki anaweza kufika 10). Takografu, kifaa cha kurekodi mwendo na saa za dereva, inaandika yote na polisi huikagua, hivyo kumbembeleza dereva ni kumtafutia faini. Mkichelewa nusu saa dukani, inakatwa kwenye matembezi yenu, si kwenye mapumziko yake. Laleni Firenze, au viungani mwake ambako hoteli ni nafuu.

Basi litatushusha mlangoni? Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Mara chache sana. Miji ya kale ina ZTL, maeneo ambayo gari haliingii bila kibali na kamera zinasoma namba, na mabasi ya watalii hulipia hata kuingia mjini. Kwa Firenze, mengi huishia Villa Costanza kando ya barabara ya A1, kisha mnapanda tramu ya T1 hadi karibu na stesheni ya Santa Maria Novella. Pisa, maegesho yako Via Pietrasantina, na ule mnara ulioinama uko zaidi ya kilomita moja kutoka hapo. Venezia mnashuka Tronchetto, kisiwa cha maegesho, na baada ya hapo ni boti na miguu.

Kigari cha mtoto kiwe chepesi na cha kukunjika, maana madaraja ya Venezia yana ngazi na utakibeba kila mara. Kwa umri huo, kanga mgongoni inakishinda.

Sisi ni Waislamu. Tule nini?

Mwambieni wakala kabla ya safari, kwa sababu chakula cha kundi hupangwa mapema na kubadilisha mezani ni shida. Pasta za carbonara, amatriciana na gricia zote zina guanciale, nyama ya shavu la nguruwe. Ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga, mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe, na hutiwa divai. Wengi hunaswa na piadina ya Romagna: inafanana na chapati, lakini kwa asili hukandwa kwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Rahisi zaidi ni pasta ya pomodoro (nyanya), ya aglio e olio (vitunguu saumu na mafuta), au pizza marinara, ambayo haina jibini, hivyo hata anayechunga kimeng'enya cha kugandisha jibini, ambacho huweza kutoka kwa mnyama, anaila. Maneno ya kukariri: *senza maiale, senza strutto, senza vino*, yaani bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila divai.

Choo cha basi kinatumika?

Madereva wengi hukifunga. Kila kituo cha barabarani, pelekeni watoto hata wakisema hawataki. Kwenye baa za vituo hivyo, kawaida unalipa kwanza kwa keshia, kisha unapeleka risiti kaunta ndipo unapewa kahawa au mkate.

Watoto hulipa viingilio?

Kwenye makumbusho ya serikali, kama Uffizi (sanaa, Firenze) na Colosseo (uwanja wa kale, Roma), walio chini ya miaka 18 huingia bure, raia wa nchi yoyote, ila tiketi ya bure nayo huwekwa nafasi mapema. Tembeeni na pasipoti zao. Makumbusho ya Vatikani si ya serikali ya Italia, hivyo utaratibu huo hauyahusu. Mnara wa Pisa hauruhusu watoto wa chini ya miaka 8 kupanda, hata wakibebwa; mzazi mmoja abaki nao chini.

Hoteli imetudai pesa zaidi wakati tumeshalipia safari yote. Tumeibiwa?

Huenda ni *tassa di soggiorno*, kodi ya manispaa inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Kiwango hutofautiana kwa mji na nyota za hoteli, na vifurushi vingi haviijumuishi. Watoto wadogo husamehewa, umri ukitegemea mji. Roma ni chini ya miaka 10. Daini risiti, na muulize wakala kabla ya kulipia safari kama imo kwenye bei.