Shabat ya Waarmenia na juma letu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi Dubai. Mwenzangu kazini ni Mwarmenia. Tulipanga kwenda sokoni siku anayoiita "hingshabti". Aliniambia hing ni tano, nami nikaona basi ni Jumatano. Nilimngoja mpaka nikachoka, kumbe kwao ni Alhamisi. Tena anasema "shabat" ni Jumamosi, na hapohapo ni wiki. Nani kakosea kuhesabu, sisi au wao? Na shabat ina undugu na juma?

JIBU: Marahaba. Pole kwa kungoja, ila hakuna aliyekosea. Mlianzia mahali tofauti tu.

Sisi tunahesabu kutoka Ijumaa. Siku inayoifuata ni mosi, ndiyo Jumamosi, na ya tano inaangukia Jumatano. Waarmenia wanahesabu kutoka shabat, yaani Jumamosi. Ya kwanza kwao ni Jumapili, ya pili ni yerkushabti (yerku ni mbili), halafu yerekshabti, chorekshabti, na ya tano ndiyo hiyo hingshabti iliyokuchosha.

Lakini hata sisi tunayo hiyo tano yao. Alhamisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, na Waarabu nao huanzia Jumapili. Ndiyo maana wiki yetu ina tano mbili zilizofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hatushtuki. Ungemwuliza mwenzio kama hing yake ni tano ya Jumatano au tano ya Alhamisi, mngekutana sokoni.

Kuhusu undugu: juma na shabat hazina nasaba moja. Juma limetoka kwenye Kiarabu, katika shina la kukusanyika. Shabat asili yake ni Kiebrania, shina la kukoma, kuacha kazi. Ndugu zake unawajua: as-sabt, Jumamosi ya Waarabu unaoishi nao hapo Dubai, na Sabato ya kwenye Biblia yetu. Zinachofanana juma na shabat ni tabia. Kila moja ilikuwa jina la siku ya ibada, ikageuka kizio cha kuhesabia siku nyingine, mwisho ikabeba wiki nzima. Mwarmenia akisema "yerku shabat" kwa kutenganisha, ni wiki mbili. Akiunganisha, "yerkushabti", ni Jumatatu. Nasi vilevile, juma la pili silo Jumapili. Kwa hiyo wanaoandika "Juma Pili" nawaomba waunganishe. Likikatwa hivyo nasoma mdogo wake Juma.

Utauliza, Waarmenia ni Wakristo tangu zamani, mbona wanahesabu kwa Sabato? Ufalme wao uliupokea Ukristo mwanzoni mwa karne ya 4, lakini herufi zao zilibuniwa na Mesrop Mashtots mnamo mwaka 405. Katikati hapo kanisani kulisomwa Kigiriki na Kisiriaki, tawi la Kiaramu, na maneno ya ibada yakaingia kwa milango hiyo miwili. Shabat ilipita mlango wa Kisiriaki. Jumapili ilipita wa Kigiriki: wanaiita kiraki, siku ya Bwana. Katika Kiarmenia cha kale ilikuwapo pia miashabati, ya kwanza baada ya Sabato, na bila hiyo usingeelewa kwa nini hesabu ya leo inaanzia mbili. Waajemi nao wana mtindo huohuo: doshanbe ni Jumatatu, na mji mkuu wa Tajikistan, Dushanbe, ulipata jina kutokana na soko la siku hiyo.

Neno ninalolipenda zaidi, ingawa hukuliuliza, ni urbat, Ijumaa yao. Nalo ni la Kisiriaki, na maana yake ni mkesha, kuchwa kunakotangulia Sabato. Waarabu kabla ya Uislamu waliiita Ijumaa kwa jina la ukoo huohuo, Aruba. Shina hilo la jua kuzama ndilo kwa Kiarabu limezaa magharibi, tunayoisali na tunayoielekeza kidole. Kwa hiyo ukitafuta undugu wa Kiswahili na wiki ya Waarmenia, acha juma, shika magharibi.

Na hapo kuna mtego mwingine, maana kwa wazee wa pwani siku huanza jua likizama. Kwao "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni. Mkipanga tena na mwenzio, mtajie tarehe.