Watu hawajanuna mkuu, angalia ukumbi waliowekwa

Mkuu umeuliza kwanini bendi ileile uliyoikuta kwenye bonanza la Jumapili watu wanacheza mpaka wanavua viatu, ulipoikuta tena kwenye ukumbi wa hoteli watu wametulia wanapiga makofi ya heshima tu, af ukamalizia kwamba wenye hela wa mjini hawaupendi muziki. Hilo la mwisho mi sikubaliani nalo kabisa na naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Nimekaa kwenye mitambo ya sauti miaka 17, nilianza nabeba spika na kukunja nyaya mpaka nikapewa miksa, ile mashine ya kuchanganya na kupima sauti, nimepiga kazi na bendi za dansi, vikundi vya taarab na siku hizi hawa vijana wa bongofleva, na nachokwambia ni kwamba watu ni walewale, mama niliyemuona Magomeni anazungusha leso juu ndo huyohuyo nimemkuta hotelini kakaa kimya pochi iko mapajani. Kinachobadilika ni viti vimewekwaje, steji ina kimo gani, na kama kuna njia ya kufika mbele au hakuna.

Anza na kumbi zetu za dansi. Waliowahi kwenda kuziona bendi za dansi kama Sikinde pale DDC Kariakoo au Twanga Pepeta pale Mango Garden Kinondoni wanajua mambo yalivyo, meza na viti vimezunguka, mbele ya bendi pameachwa wazi, na mwimbaji yuko karibu mnaangaliana machoni. Na wimbo wa dansi wenyewe umejengwa kwa ukumbi wa namna hiyo, kule mwanzo mashairi yanaenda taratibu watu wanakunywa wanasikiliza kisa, gitaa la solo likichanganya kwenye sebene, ile sehemu ya mbio ya kucheza, ndo viti vinasukumwa nyuma, na ile sehemu iliyoachwa wazi inakuita yenyewe maana hakuna wa kumwomba samahani ili upite. Hata pedeshee, yule tajiri anayemwaga hela kwa wanamuziki, anatajwa jina kwa sababu ukumbi mzima unaweza kugeuka ukaona kakaa meza gani. Mtaje kwenye uwanja wa mpira, nani atajua ni yupi?

Af kuna suala la bati na saruji ambalo watu wengi hawalifikirii. Ukumbi mtupu wa bati mchana wakati wa saundi cheki unapiga kelele hatari, ukipiga ngoma ya snea mara moja inarudi mara tatu, ila usiku watu wakijaa miili yao inameza ule mwangwi na muziki unakaa sawa. Kinachobaki ni kwamba sauti ya watu wenyewe bado inagonga juu inawarudia, kwahiyo watu 200 wakishangilia wanajisikia kama 1,000, na mtu akijisikia hivyo anaongeza. Nenda sasa kwenye ukumbi wa hoteli, chini zulia nene, pembeni mapazia mazito, juu dari laini, makofi yanakufa pale pale mkononi mwa mpigaji. Mtu anapiga makofi anajisikia yuko peke yake, anaacha. Hajanuna, ukumbi umemnyamazisha.

Ila muziki unaoonyesha hili jambo kuliko yote ninayoyajua ni taarab. Kule Unguja kwa vikundi vya zamani kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, watu wanakaa kwa mistari wanasikiliza maneno, hakuna kurukaruka, na aliyeguswa na ubeti anainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji. Ile safari ya kutoka kwenye kiti mpaka mbele ndo zamu yake na yeye kuonekana. Anatembea polepole, noti kaiinua, jicho anapeleka kule alikokaa anayemlenga, na ukumbi wote unajua kuna neno limefika. Sasa safari inataka njia.

Kuna mwaka tulipiga taarab kwenye hoteli moja mjini, meza za duara watu kumi kumi, zimepangwa zimebanana mpaka wahudumu wanapita ubavu ubavu. Steji imeinuliwa karibu usawa wa kifua. Wimbo wa pili tu, mama mmoja wa gauni la kijani akainuka, elfu kumi kaikunja kwa urefu kaishika kwa vidole viwili, ubeti ulikuwa umemuingia kweli unamuona usoni. Kiti chake kikagonga kiti cha mzee wa nyuma, mzee akajaribu kusogea hana pa kusogea, pembeni kijana wa chakula kasimama na trei la supu anamsubiri yeye apite kwanza, yeye anamsubiri kijana. Wamesimama hivyo mpaka ubeti ukaisha. Mama akaangalia noti yake, akakaa, akairudisha kwenye pochi, na baada yake hakuinuka mtu tena karibu saa nzima, yani wote waliona kwamba kuinuka pale ni kujiaibisha.

Tulipopumzika nilimfuata aliyeandaa nikamwomba tutoe meza sita za katikati, akaogopa kwanza maana wageni walishalipia nafasi zao, nikamwambia hawa hawakuja kula, wamekuja kutunza. Tukazitoa. Ikapatikana njia upana wa watu wawili kutoka mlangoni mpaka mbele, na dada mwimbaji nikampa maiki isiyo na waya akashuka akaimbia chini usawa wa watu. Yule mama wa kijani ndo alikuwa wa kwanza tena, safari hii alitembea mpaka mi nikasahau kugusa miksa, na nyuma yake wakafuatana. Watu walewale, usiku uleule, zulia lilelile. Hiyo kitu sijawahi kuisahau na tangu siku hiyo nikifika ukumbini kabla sijashusha spika natembea kwanza kutoka kiti cha mwisho mpaka stejini, naangalia mama mwenye gauni refu atapitaje.

Kwa wanaopenda kulinganisha, nendeni Ngome Kongwe Zanzibar wakati wa Sauti za Busara, tamasha la Februari lililoanza 2004. Ile ngome ina kuta ndefu nene ambazo Waarabu wa Oman walizijenga baada ya Wareno kuondolewa, na ndani kuna sehemu ya ngazi za mawe zimekaa nusu duara. Nusu duara ina siri yake: ukikaa kwenye ngazi unamuona msanii ila unaona pia sura za waliokaa upande wa pili, kwahiyo mtu mmoja akiinuka kucheza mia wamemuona kutoka mbele, sio kisogo. Kwenye viti vya kunyooka tunaonana visogo tu, kisogo hakiambukizi furaha.

Uwanja wa mpira ni habari nyingine na hapa wengi wanawalaumu wasanii bila kujua. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Steji ikiwa goli hili na wewe uko goli lile, mita 100, unachosikia kutoka spika za mbele kimechelewa karibu sekunde 0.3, ukipiga makofi nayo yanachukua muda uleule kumrudia msanii, jumla 0.6. Wimbo wa kuchezeka wenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Maana yake watu wa nyuma wanapiga makofi sawasawa kabisa na wanachokisikia, ila msanii kule juu yanamfikia yamepitwa na pigo zima! Ndo maana unawaona wasanii wanachomoa kimoja cha vile vidude vya masikioni wanavyosikilizia muziki ili wasikie watu, wanakata muziki, wanawaachia watu waimbe kiitikio peke yao, af wanaita mikono juu, mikono juu, mikono haicheleweshwi tena na safari ya kurudi maana inaonekana kwa macho. Ubeti wenye maneno mazito huko unapotea. Na uzio ukishawekwa mita kadhaa kutoka stejini, kutunza kumekufa, noti haifiki, kwahiyo mtu anainua alichonacho ambacho kinaonekana kutoka mbali, yani simu imewashwa tochi. Mi zile tochi naziona kama kutunza kwa mbali, watu bado wanataka mwimbaji ajue kawagusa.

Nairobi nilienda mara moja kwenye tamasha la Blankets & Wine, ilianza kule 2008, watu wanatandika mablanketi kwenye nyasi na vyakula vyao na watoto. Pale hata bila uzio hakuna anayekanyaga blanketi la mwenzie, kwahiyo wanaocheza wanasogea wote mbele kwenye kipande kidogo na waliobaki wanasikiliza wamejinyoosha, na wote wako sawa.

Sasa kwa hiyo shoo yako ya Desemba, umesema ukumbi unachukua viti 400 na umepanga kujaza vyote kwa mistari mpaka mbele. Usifanye hivyo mkuu nakuomba. Weka 300, mbele acha mita sita tupu, katikati acha njia ya watu wawili, wazee wape viti vya pembeni karibu na njia ili wanaocheza wasiwazibe na wao wakitaka kutunza wasihangaike. Kama steji inazidi kimo cha goti, tafuta ngazi pana ya mbele, sio ile ya nyuma ya wasanii. Taa za ukumbi usizime zote, punguza tu, watu waliopendeza wanataka kuonana. Na kama chini kuna zulia nipigie picha uitume hapa, na upana wa ukumbi kwa mita, nitakuchorea spika zikae wapi.