Ukitaka kuona sayari ya nyota nyingine, ziba taa kwanza

Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wangu wa fizikia hapa Bukavu picha niliyotumiwa WhatsApp: dunia ya bluu yenye mawingu, chini yake imeandikwa kwamba ni sayari ya nyota jirani. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, nani alifika huko kuipiga?" Sikuwa na jibu. Jioni ile nilitafuta nikakuta ni mchoro wa msanii. Kesho yake niliwaambia nimekosea, nikawaletea picha ya kweli: kitone cheupe kando ya duara jeusi, basi. Tangu hapo, kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia akizoee kile kitone kwanza, mpaka ajue kimepatikana kwa jasho gani.

Nenda ufukoni mwa ziwa usiku usio na mwezi, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wanaovuliwa kwa taa, wakiwa kazini. Mimi nilikwenda na wanafunzi sita. Mtumbwi mmoja ulikuwa karibu, taa yake kali, na hatukuona kitu kingine pale. Nikamwambia kila mmoja asogee nyuma ya mparachichi mpaka shina liizibe taa ile. Wa kwanza akapiga kelele: "Kuna mtu anavuta sigara!" Kweli, kando ya taa kulikuwa na kijimoto chekundu, kinapanda na kushuka. Kilikuwepo muda wote.

Lile shina ndilo koronografu. Mfaransa Bernard Lyot alibuni kifaa hicho miaka ya 1930 ili aone taji la Jua, yaani gesi hafifu inayolizunguka, bila kungoja kupatwa. Leo wanaastronomia wanakitumia kuziba nyota ili watafute kilicho kando yake.

Na sigara ilionekana kwa sababu inawaka yenyewe. Sayari zilizopigwa picha kutoka ardhini karibu zote ni majitu machanga, mazito kuliko Mshtarii, ambayo bado yana joto la kuzaliwa. Ukiyatazama kwa mionzi ya joto, nyota yao huyazidi mwanga mara elfu kumi, laki moja, au milioni. Dunia yetu, kwa mwanga wa macho, inazidiwa na Jua takriban mara bilioni kumi. Hakuna darubini ya ardhini iliyokwisha kuvuka pengo hilo. Kwa hiyo ukitumiwa "picha" ya sayari ya mbali yenye bahari na mawingu, usiisambaze.

Usiku ule taa za mbali zilikuwa zinatetemeka juu ya maji. Ni hewa. Hewa hiyohiyo huivuruga nyota, na bila kuirekebisha, kioo kikubwa hukusanya mwanga mwingi lakini picha hubaki na ukungu. Kwenye mlima Paranal nchini Chile, mita 2,635 juu ya bahari, kuna darubini ya VLT yenye vioo vya mita 8.2. Kifaa chake kiitwacho SPHERE kina kioo chembamba kinachosukumwa kwa nyuma na visukumio zaidi ya 1,300, kikibadili umbo zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, kufuata hewa inavyocheza. Hapa huwa nasimama kidogo darasani. Kuna watu walioamua kwamba hata hewa inaweza kunyooshwa, wakainyoosha.

Sasa nenda ukaitafute nyota yenyewe. Mwanzoni mwa Februari, mvua ikishakata na hewa imeoshwa, toka kama saa tatu usiku, uelekee kusini. Umeme ukiwa umekatika mtaani, afadhali zaidi. Utaiona Canopus, ile Suheli, inang'aa kuliko zote upande huo. Nyosha mkono, pima vidole vitatu kulia kwake: pale pana nyota hafifu, Beta Pictoris. Iko umbali wa miaka 63 ya nuru.

Kwenye picha za VLT za mwaka 2003 timu ya Anne-Marie Lagrange iligundua kitone kando yake, na ugunduzi ukatangazwa 2008. Lakini kitone kinaweza kuwa nyota ya nyuma iliyopo pale kwa bahati tu. Wakapiga tena, hakipo. Mwishoni mwa 2009 kikajitokeza upande wa pili wa nyota. Kilikuwa kinaizunguka! Kikamezwa tena na mng'ao, na Septemba 2018 kikarudi. Kinaitwa Beta Pictoris b.

Linganisha na Fomalhaut. Mwaka 2008 ilitangazwa sayari iliyoonwa na darubini ya anga Hubble. Miaka ikapita, kitone kikafifia, na mwaka 2020 watafiti wakaonyesha kwamba yaelekea kilikuwa wingu la vumbi linalotawanyika. Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi waulize: kimeonekana mara ngapi, na kimesogea vipi?

Maswali hayo bado yanaisubiri Alpha Centauri, kundi la nyota linaloonekana kwa macho kama nyota moja, lililo umbali wa miaka 4.4 tu ya nuru. Mwaka 2024 darubini ya anga James Webb iliona dalili ya kitone kando ya nyota yake kubwa, ikatangazwa 2025; hakijathibitishwa. Huko Chile, kwenye mlima Armazones, inajengwa ELT, darubini yenye kioo cha mita 39 kilichoungwa kwa vipande 798. Nyota hiyo utaipata katikati ya Juni, saa tatu usiku, kusini, juu ya vilima. Nenda na mtoto mmoja, umwonyeshe ilipo.