Re: Mjomba katolewa chumbani, pensheni atapata?

Pole sana mkuu. Umeuliza kama mjomba wako wa miaka 72, aliyetolewa kwenye chumba cha kupanga huko Unguja, anaweza kupata pensheni wakati hajawahi kuajiriwa. Anaweza. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016, ni ya wazee waliofikisha miaka 70, awe alikuwa mwalimu au mchukuzi bandarini. Nenda naye kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaani kwake), na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi. Wengi hukwama kwenye mwaka wa kuzaliwa. Babu yangu, kwa mujibu wa kadi, alikuwa mdogo kuliko mdogo wake!

Ila hela hiyo peke yake haimlipii kodi ya chumba. Kama kweli hana mtu, ulizieni Ustawi wa Jamii kuhusu makao ya wazee ya Sebleni na Welezo.